Mbuzi 10,800 kwa Kila Simba

Wagawe mbuzi wote wa Kenya kwa simba wote wa Kenya, na kila simba atapata mbuzi 10,800 hivi. Sensa ya kitaifa ya 2019 ilihesabu mbuzi milioni 28. Sensa ya wanyamapori ya 2021, ya kwanza kufanywa kwa nchi nzima, ilipata simba 2,589. Ng'ombe walikuwa milioni 15.8 na nyati 41,659, yaani ng'ombe 379 kwa nyati mmoja. Ngamia milioni 4.6, twiga 34,240: ngamia 134 kwa twiga mmoja. Sarafu zetu za tangu 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Mbuzi hayumo.

Loresho si mahali ambapo mtu angetarajia hesabu hizi zianzie. Ni mtaa wa michongoma iliyokatwa vizuri na malango ya chuma, na mnyama pori anayelalamikiwa sana huko ni kima anayeingia jikoni, au mwewe anayenyakua vifaranga. Lakini kwenye Barabara ya Kaptagat, ndani ya mtaa huohuo, yapo makao makuu ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO. Jirani yake ni Kabete, penye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, maabara za mifugo za serikali, na kituo cha taasisi ya kutengeneza chanjo, KEVEVAPI. Ukivuka Waiyaki Way ukaingia Uthiru, unakuta ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Huenda hakuna pembe nyingine ya Afrika Mashariki yenye watu wengi kiasi hicho wanaoamka kila asubuhi kumfikiria ng'ombe. Makao ya Shirika la Wanyamapori, KWS, yako Lang'ata, upande wa pili wa jiji. Ninachotaka kuonyesha kwa tarakimu ni kwamba namna mnyama pori wa Kenya anavyoishi na anavyokufa huamuliwa zaidi Kabete na zizini kuliko inavyoamuliwa Lang'ata.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Tangu 1977 serikali imekuwa ikirusha ndege ndogo juu ya kaunti za malisho, na wataalamu waliomo ndani wakihesabu kilicho chini. Mwaka 2016 mtakwimu Joseph Ogutu, Mkenya aliyeko Chuo Kikuu cha Hohenheim nchini Ujerumani, na wenzake walichapisha majumlisho ya karibu miaka 40 ya safari hizo. Wanyamapori walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Katika kipindi hichohicho kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76.3 na ngamia kwa asilimia 13.1, ilhali ng'ombe walipungua kwa asilimia 25.2. Hilo la ng'ombe kupungua na mbuzi kuongezeka lina sababu anayoijua mfugaji yeyote: mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe miezi tisa, na baada ya ukame ni mbuzi anayelijaza zizi kwanza.

Vichwa peke yake hudanganya, kwa maana kichwa cha mbuzi si kichwa cha ndovu. Ndiyo maana kipimo bora ni uzito. Kati ya 1977 na 1980 mifugo wote wa nyanda hizo, kama ungeweza kuwaweka kwenye mizani, walikuwa na uzito mara 3.5 ya wanyamapori wote. Kufikia 2011 hadi 2013 walikuwa na uzito mara 8.1. Na hapo bado Kenya ina bahati. Makadirio ya dunia nzima yaliyochapishwa 2023 yanawapa mamalia wote wa porini wanaoishi nchi kavu uzito wa tani milioni 20, mifugo tani milioni 630, na sisi binadamu tani milioni 390. Uwiano wa dunia basi ni zaidi ya 31 kwa moja.

Kuna anayedhani kwamba pundamilia wana mbuga zao na ng'ombe wana malisho yao, kila mtu kwake. Sivyo: takriban thuluthi mbili ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za taifa. Wanakula nyasi zilezile, kwenye ardhi yenye wenyewe, na wanakunywa visima vilevile.

Kupungua si kuteseka

Idadi ikishuka hatujaambiwa bado chochote kuhusu ustawi. Nyumbu ambaye hakuzaliwa hakuumia. Anayeumia ni yule aliyezaliwa akakosa nyasi, akanyweshwa sumu, au akanaswa kwenye uzio. Kwa hiyo hesabu inayofaa hapa ni ya vifo na namna ya vifo, na hesabu hiyo hufanywa kwa nadra.

Njaa ndiyo ya kwanza. Ukame uliomalizika mwanzoni mwa 2023 ulituachia orodha moja iliyo wazi: kati ya Februari na Oktoba 2022, wizara ya utalii ilirekodi vifo vya nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, ndovu 205, nyati 51, pundamilia wa Grevy 49 na twiga 12. Hao ni wale walioonekana. Fisi hamngojei mhesabuji. Pundamilia wa Grevy walikuwa 2,649 tu nchini kwa mujibu wa sensa ya 2021, hivyo 49 ni karibu wawili katika kila mia, ndani ya miezi tisa.

Mtu atasema ukame ni kazi ya mbingu, na ni kweli. Lakini mvua ikikosekana, nyasi zilizobaki zinagawanywa kwa uwiano wa ile mizani: sehemu nane kwa moja. Na suala si nyasi tu. Kule Samburu pundamilia wa Grevy hupisha ng'ombe na mbuzi kwenye maji mchana kutwa, kisha hushuka kunywa usiku, saa ambayo simba na fisi nao wako kazini. Jike anayenyonyesha hawezi kukaa siku nyingi bila maji. Anachagua kati ya kiu na meno, na mtoto wake anafuata uamuzi huo kwa miguu yake. Hili haliingii katika takwimu yoyote ya "idadi", wala halihitaji mtu mbaya. Mchungaji hakumfukuza pundamilia. Alikuwa pale tu na mbuzi wake mia tatu, akinywesha.

Wafugaji wenyewe walipoteza zaidi. Mifugo zaidi ya milioni 2.4 walikufa Kenya katika ukame huo. Naiweka tarakimu hiyo hapa kwa makusudi, kwa sababu tutaihitaji tukifika kwa simba.

Tena tusisahau upande wa pili, hata kama ni mfupi. Tangu 1995 kuna jaribio kule Mpala, Laikipia, ambapo mashamba yamezungushiwa nyaya za kuruhusu au kuzuia aina tofauti za wanyama. Mwaka 2011 Wilfred Odadi na wenzake walionyesha kwamba pundamilia na wenzake humnyang'anya ng'ombe chakula wakati wa kiangazi, lakini wakati wa mvua humsaidia anenepe zaidi, kwa kula zile nyasi ngumu zilizokauka na kuacha laini. Boma la zamani lililohamwa hubaki na samadi, na miaka mingi baadaye swala pala hulisha pale kwa sababu nyasi zake zina virutubisho. Ng'ombe anayeogeshwa dawa hubeba kupe wa jirani zake wa porini akawaua. Mfugaji na mnyama pori waliishi pamoja karne nyingi kabla ya yeyote kuchora mpaka wa mbuga. Kilichobadilika ni uwiano.

Bei ya mbuzi kumi na mmoja

Mei 2023, Loonkito, simba dume aliyekadiriwa kuwa na miaka 19, umri wa uzee mkubwa kwa simba, aliuawa kwa mkuki karibu na Amboseli baada ya kuingia kijijini kutafuta chakula. Siku chache baadaye, huko Mbirikani katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado, simba sita waliua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Wote sita waliuawa. Wiki hiyo ilimalizika na simba kumi wamekufa. Kumi katika 2,589.

Hasira ya mtu aliyepoteza mbuzi 11 usiku mmoja haihitaji kufafanuliwa na mwandishi wa Nairobi. Mbuzi hao ni karo. Lakini tufanye hesabu ya kumwonea simba kwa makusudi. Tuseme kila simba wa Kenya, pamoja na wale wa ndani ya mbuga ambao hawajawahi kuona zizi, anaua mbuzi mmoja kila wiki ya mwaka. Hao ni mbuzi 134,628 kwa mwaka, au 269,256 kwa miaka miwili. Ukame uliua mifugo milioni 2.4, karibu mara tisa ya hesabu hiyo iliyotiwa chumvi. Ukiongeza magonjwa, simba anazidi kuwa mdogo. Tofauti ni kwamba ukame hauna mwili wa kuchomwa mkuki.

Mkuki walau huchagua. Sumu haichagui. Kwa miaka mingi sumu iliyotumika ilikuwa kabofurani, dawa ya wadudu ya chembechembe za zambarau iliyouzwa katika maduka ya pembejeo kwa jina la Furadan. Ilinyunyizwa kwenye mzoga wa ng'ombe aliyeuawa na simba, simba akarudi usiku kumalizia mlo wake. Kifo chake si cha usingizi: mate hutiririka, mwili hutetemeka, misuli ya kupumua husimama akiwa na fahamu zake. Kisha hufika fisi, mbweha, na tai mzoga kwa makumi. Mwaka 2009 kampuni ya FMC ya Marekani, iliyoitengeneza, ilitangaza kuinunua tena kutoka madukani Kenya. Simba wameendelea kupewa sumu hata baada ya hapo.

Wanaolipa zaidi ni tai. Utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada, mtaalamu wa tai aliyefanya kazi yake kubwa hapa Kenya, ulikusanya vifo 7,819 vya tai mzoga katika nchi 26 za Afrika: asilimia 61 vilitokana na sumu. Kwa muda wa miaka 30 hivi, aina nane za tai waliotazamwa walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 62. Tai mzoga wengi hutaga yai moja kwa mwaka, na si kila mwaka. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kufuta mayai ya miongo.

India ilishatuonyesha bili ya mwisho. Huko hakuna aliyekusudia kumdhuru tai. Wakulima waliwapa ng'ombe dawa ya maumivu, daiklofenaki, na tai waliokula mizoga yenye dawa hiyo walikufa kwa figo. Aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Sababu iligunduliwa 2004 na dawa ikapigwa marufuku kwa mifugo 2006. Wachumi waliochapisha 2024 walikadiria kwamba kukosekana kwa tai, pamoja na mizoga iliyooza na mbwa walioongezeka, kulisababisha vifo vya watu wapatao 500,000 kati ya 2000 na 2005. Kwa wale wasiojali tai, hiyo ndiyo tarakimu.

Sindano ya Muguga

Sasa turudi upande wa Kabete, kwa sababu hapa ndipo hesabu inapogeuka.

Sotoka iliingia Afrika Mashariki na ng'ombe walioshushwa Massawa, Eritrea, mwaka 1887. Ndani ya miaka kumi ilikuwa imefika kusini kabisa mwa bara. Katika sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa, na watu wakafa njaa nyuma yao. Ilichukua nyati, pofu, twiga, ngiri na nyumbu vilevile: vidonda mdomoni, kuhara damu, na mwisho ndani ya wiki moja au mbili. Ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe, si wa porini, na ng'ombe waliendelea kuwaambukiza wanyamapori kwa miaka sabini.

Karibu na 1960, katika maabara za Muguga, mbele kidogo ya Kikuyu ukitoka Loresho, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuzwa kwenye chembe hai za maabara: rahisi, salama, dozi moja kwa maisha yote ya ng'ombe. Ng'ombe waliozunguka Serengeti na Mara wakachanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyedungwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban 250,000. Kufikia 1977 walikuwa milioni 1.3. Msafara ule ambao watalii hulipia maelfu ya dola kuutazama ukivuka mto Mara, zaidi ya wanne kati ya watano waliomo ni matokeo ya sindano aliyodungwa ng'ombe wa mtu mwingine. Sijui mradi mwingine wowote wa uhifadhi katika bara hili uliofikia matokeo kama hayo, na haukuwa mradi wa uhifadhi.

Ugonjwa ulirudi mara ya mwisho kwa kishindo kati ya 1993 na 1997, ukitokea kwa ng'ombe wa upande wa mashariki, na ukaua karibu asilimia 60 ya nyati wa Tsavo. Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani alikuwa nyati wa Mbuga ya Meru, 2001. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui. Mbwa wanaolinda mifugo nao wana fungu lao: mwaka 1994 virusi vya distempa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijiji vya pembezoni, viliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti, takriban 1,000, wengi wakiwa na degedege.

Hapa msomaji makini ananisimamisha. Je, nyumbu milioni moja na zaidi waliongezwa ustawi, au waliongezwa tu? Swali ni la haki. Mtanzania Simon Mduma na wenzake walionyesha 1999 kwamba, baada ya sotoka kuondoka, vifo vitatu kati ya vinne vya nyumbu wa Serengeti vilitokana na kukosa lishe. Chanjo haikuondoa kifo, ilikibadilisha sura. Wapo wanaofikiri kwa mantiki hiyo mpaka mwisho, wakasema kwamba kila ng'ombe anayemwondoa nyumbu porini anapunguza mateso duniani, kwa kuwa maisha ya porini ni njaa na meno. Naona hesabu yao inasahau safu moja. Nafasi ya nyumbu haikubaki tupu. Imejazwa na mbuzi na kondoo milioni 47, na mwaka wa ukame hao nao hulala chini wasiinuke. Mateso yamehama jina la mwenyewe.

Sindano inayosubiri sasa ni ya sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoripotiwa Turkana 2006 na kuenea baadaye. Virusi vyake ni ndugu wa vile vya sotoka ya zamani. Mongolia, kuanzia Desemba 2016, vilitoka kwa mbuzi na kondoo vikaingia kwa swala saiga na kuua zaidi ya nusu yao. Dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Chanjo ipo na hulinda kwa miaka mitatu au zaidi. Mbuzi milioni 28 na kondoo milioni 19.3, ukiwagawa kwa tatu, ni dozi milioni 16 hivi kwa mwaka, bila kuhesabu wanaozaliwa kati ya kampeni moja na nyingine. Ugonjwa wenyewe huigharimu dunia kati ya dola bilioni 1.4 na 2.1 kila mwaka. Kama ningepewa fedha za kumsaidia swala wa Kenya nichague pa kuzitia, ningezitia kwa mbuzi.

Hatua nyingine nafuu nazo ziko bomani. Richard Turere alikuwa mtoto wa miaka 11 akichunga ng'ombe wa babake kando ya Mbuga ya Nairobi alipounganisha taa za tochi na betri ya gari ziwake kwa zamu usiku, ili simba adhani kuna mtu anayetembea. Kwenye nyanda zinazopakana na mbuga hiyo, kuanzia 2000, kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe uzio. Ekari elfu moja, dola elfu nne. Nyanda za Athi-Kaputiei zilikuwa na nyumbu zaidi ya 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970; kufikia 2011 walibaki elfu chache, kwa sababu ekari za Kitengela zilipata wanunuzi wenye bei kubwa kuliko dola nne. Kwa fidia, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaahidi shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na thamani ya sokoni kwa mfugo. Anayengoja malipo kwa miaka ndiye anayerudi dukani kununua sumu.

Trei ya mayai

Mkazi wa Loresho anayesoma haya anaweza kufikia uamuzi ulio mwepesi: nipunguze nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, nile kuku na mayai. Kuku hahitaji nyika. Haui simba wala hamnyimi pundamilia maji. Kwa nyika, uamuzi huo ni sahihi. Kwa ziwa, hapana.

Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku. Protini ya chakula hicho, kwa wafugaji wengi wanaochanganya wenyewe na hata kwa baadhi ya viwanda, hutokana na omena, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Tuseme omena mkavu ni asilimia 5 tu ya mchanganyiko: gramu 6 kwa siku. Gramu moja ya omena mkavu hutokana na gramu 3.5 hivi za mbichi, kwa hiyo ni gramu 21. Omena mmoja mbichi ana gramu moja hivi. Basi kuku mmoja hula omena 21 kila siku. Akitaga mayai 300 kwa mwaka, kila yai lina omena zaidi ya 25 nyuma yake, na trei moja ina zaidi ya 750. Kama unaamini omena wako ni wakubwa, wa gramu mbili, gawa kwa mbili. Bado ni zaidi ya 375 kwa trei.

Sensa ya 2019 ilipata kuku wa mayai wa kisasa milioni 5.6. Tukichukulia kwamba nusu yao tu ndio wanaokula omena kwa kiwango hicho, ni samaki milioni 58.8 kwa siku, yaani bilioni 21 na ushee kwa mwaka. Ndovu, simba, pundamilia, tai na nyumbu wote waliotajwa hadi hapa wanaingia katika kona ndogo ya tarakimu hiyo wakapotea.

Samaki hawa ni wanyama pori, ingawa hakuna anayewaita hivyo. Hawakufugwa na mtu. Huvuliwa usiku, wakivutwa na mwanga wa taa zilizoelea juu ya maji ya Ziwa Viktoria, kisha humwagwa wakiwa hai ndani ya mashua na hufa kwa kukosa hewa, na asubuhi huanikwa kwenye mchanga. Katika ziwa zima, omena, au dagaa wakiitwa na wavuvi wa Mwanza na Musoma, ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa. Kenya hufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane. Upimaji wa samaki hawa hufanywa kwa tani, sawa na makaa au mchanga, na labda ndiyo sababu hatushtuki. Hali si ya ziwa hili peke yake: makadirio ya 2024 yanasema samaki wa porini trilioni 1.1 hadi 2.2 walivuliwa duniani kila mwaka kati ya 2000 na 2019, na karibu nusu ya idadi hiyo walisagwa kuwa unga na mafuta, sehemu kubwa kwa ajili ya wanyama wengine wanaofugwa.

Je, omena anahisi maumivu sawa na pundamilia? Sidhani tunaweza kuwaweka kwenye mizani moja. Lakini ushahidi kwamba samaki huhisi maumivu umekuwa mzito mno kupuuzwa, na hata ukimpa omena sehemu moja ya elfu ya uzito wa pundamilia, bilioni 21 gawanya kwa elfu ni milioni 21. Kenya nzima haina pundamilia wa kufikia hapo.

Mbadala unaosifiwa siku hizi ni funza wa nzi chuma. Kenya imekuwa na viwango rasmi vya wadudu katika chakula cha mifugo tangu 2017, na taasisi ya icipe kule Kasarani imeusukuma mradi huo kwa nguvu. Funza huwapumzisha samaki, na hula taka za jiji. Hata hivyo kwa hesabu ya vichwa tunabadilisha samaki ishirini kwa funza wengi zaidi, tukibashiri kwamba funza hahisi kitu. Huenda tunabashiri vyema. Mimi nisingeweka dau kubwa.

Mashudu ya alizeti na soya ni njia ya wazi zaidi, ingawa soya nayo hulimwa mahali palipokuwa pori la mnyama fulani, na protini ya mimea huhitaji kuongezewa laisini na methionini, ambazo duka la dawa za mifugo huziuza kwa kilo na si kwa bei ya kutupa. Kwa mtu mwenye kuku 200 nyuma ya nyumba pale Loresho au Kangemi, omena wake kwa kiwango tulichotumia ni 4,200 kwa siku. Akiondoa nusu na kuweka mashudu, amepunguza 2,100 leo, na 766,500 kufikia wakati kama huu mwakani. Mayai yanaweza kupungua wiki mbili za kwanza, hadi mchanganyiko ukae sawa.